Kemikali zinazozuia vimeng'enya vya histoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu. Wa kwanza ni wanafunzi wa baiolojia na famasia waliokutana na jina la trikostatini darasani. Wa pili ni wagonjwa, au ndugu zao, waliosoma mahali kwamba dawa yao ya kifafa "inagusa jeni". Wa tatu ni watu waliouziwa vidonge vya virutubisho kwa madai kwamba vinaamsha jeni zilizolala. Majibu yanaanzia kwenye misingi, lakini anayetafuta habari za valproeti, dawa ya kifafa, na ujauzito asisubiri. Aruke moja kwa moja hadi swali hilo.

Histoni ni nini?

DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha hufikia kama mita 2, ilhali kiini inamokaa kina upana wa mikromita chache tu. Inaenea humo kwa sababu imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Histoni nane, yaani H2A, H2B, H3 na H4, kila moja mara mbili, hushikamana na kuwa kitonge, na jozi 147 za besi za DNA hukizunguka kitonge hicho karibu mara moja na theluthi mbili. Kitonge pamoja na DNA yake ndiyo nukleosomu. Nukleosomu zikipangana kwa mamilioni, jumla yake huitwa kromatini.

Albrecht Kossel, Mjerumani, alizitenga histoni mwaka 1884 kutoka kwenye damu ya ndege. Kwa miongo mingi baada yake zilidhaniwa kuwa vifungashio tu. Mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake, mjini New York, walipendekeza kwamba histoni zikibandikwa vikundi vidogo vya kemikali, usomaji wa jeni hubadilika. Wengi hawakulijali wazo hilo kwa zaidi ya miaka 30.

Alama hizo hubandikwa wapi, na na nani?

Kila histoni ina mkia unaochomoza nje ya kitonge. Mkia huo una asidi amino nyingi aina ya lisini, zenye chaji chanya, na DNA ina chaji hasi, kwa hiyo hushikana. Lisini ikibandikwa asetili, mojawapo ya vikundi hivyo vidogo, hupoteza chaji yake, mshiko hulegea, na mitambo ya kusoma jeni hupata nafasi. Methili, kikundi kingine kidogo, ni jambo jingine. Haiondoi chaji, ni ishara inayosomwa na protini nyingine, na maana yake hutegemea imekaa wapi. Methili tatu kwenye lisini ya 4 ya histoni H3 huonekana mwanzoni mwa jeni zinazofanya kazi. Methili tatu kwenye lisini ya 27 ya histoni hiyohiyo huonekana kwenye jeni zilizonyamazishwa.

Vipo vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kikemia ndani ya seli, vinavyobandika alama na vipo vinavyozibandua, halafu zipo protini zinazozisoma. Vinavyobandua asetili hufupishwa kwa herufi HDAC. Binadamu ana 18. Kati ya hivyo, 11 huhitaji madini ya zinki ili vifanye kazi, na 7 vilivyobaki, viitwavyo sirtuini, hutegemea molekuli ya NAD. Karibu kila kitu utakachosoma hapa chini kuhusu "vizuiaji vya HDAC" kinahusu vile 11 vya zinki. Kwa upande wa methili, kimeng'enya kinachotajwa sana ni EZH2, ambacho huibandika kwenye lisini ya 27.

Kizuiaji hufanya nini hasa?

Hujipenyeza mahali ambapo kimeng'enya hufanyia kazi na kukaa hapo. HDAC ya zinki ina kishimo chembamba ambamo lisini yenye asetili huingia, na chini kabisa ya kishimo hicho ipo zinki. Molekuli kama trikostatini A na vorinostati (dawa ya saratani) zina umbo la kufaa kabisa: kichwa kinachoziba mdomo wa kishimo, mnyororo mrefu unaoshuka ndani, na ncha inayoing'ang'ania zinki. Picha ya mpangilio huo ilipatikana mwaka 1999 kwa kutumia kimeng'enya cha bakteria anayefanana na binadamu katika jambo hili. Kibanduaji kikizibwa, vibandikaji vinaendelea na kazi yao, na asetili hurundikana ndani ya saa chache.

Kwa hiyo kizuiaji cha HDAC huwasha jeni zote?

Hapana, na hapa ndipo maelezo mengi ya mitandaoni yanapopotoka. Ukiziwekea seli dawa hizi kisha ukapima jeni zote, utakuta ni sehemu tu ya jeni iliyobadilika, na kati ya hizo nyingi zimeshuka badala ya kupanda. Sababu mojawapo ni kwamba protini zinazosoma asetili hazina idadi isiyo na mwisho. Asetili ikizagaa kila mahali, wasomaji hao hutawanyika, na jeni zilizowategemea zaidi hupungukiwa.

Sababu ya pili ni jina lenyewe. HDAC hazibandui asetili kwenye histoni peke yake. HDAC6, kwa mfano, kazi yake kubwa iko nje ya kiini, kwenye tubulini, protini inayojenga kiunzi cha seli. Nyingine hugusa p53, protini inayozuia saratani. Mtafiti anayeona seli ya saratani imekufa baada ya vorinostati na kuandika moja kwa moja kwamba "jeni zimefunguliwa" ameruka hatua nyingi.

Dawa hizi ziligunduliwaje?

Zile za mwanzo karibu zote ziligunduliwa kabla mtu yeyote hajajua kuwa zinagusa histoni. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalopaswa kufundishwa kwanza, maana linaeleza kwa nini zina matumizi mengi yasiyofanana na kwa nini kila moja ina madhara ya ajabuajabu.

Asidi valproiki, ambayo ndiyo valproeti ya kifafa, ilitengenezwa mwaka 1882 na mwanakemia Mmarekani, Beverly Burton. Haikutumika kama dawa. Baadaye watu wa maabara waliigeuza kimiminika cha kuyeyushia dawa nyingine. Mwaka 1962, huko Ufaransa, Pierre Eymard alikuwa akipima kemikali kadhaa alizoziyeyusha humo ili kuona kama zinazuia degedege kwa wanyama. Zote zilifanya kazi, hata zile ambazo hazikustahili. Kumbe kilichotibu kilikuwa kile kiyeyushio. Dawa iliingia sokoni Ufaransa mwaka 1967. Ilikuja kuonyeshwa mwaka 2001, na vikundi viwili tofauti vya watafiti, kwamba inazuia HDAC.

Trikostatini A ilitoka kwa Streptomyces, bakteria wa udongoni, ikaripotiwa mwaka 1976 kama dawa ya fangasi. Minoru Yoshida na Teruhiko Beppu, wa Tokyo, waliona kwamba kwa kiwango kidogo sana inazifanya seli za saratani zikomae, na mwaka 1990 wakaonyesha kuwa inazuia ubanduaji wa asetili.

Vorinostati ina safari ndefu kuliko zote. Mwaka 1971 Charlotte Friend, mjini New York, aliweka DMSO, kiyeyushio cha kawaida cha maabara, kwenye seli za lukemia (saratani ya damu) za panya. Seli zilianza kutengeneza himoglobini, yaani zilirudi kwenye njia ya kukomaa kama seli nyekundu za damu. Daktari Paul Marks aliposikia hayo alishirikiana na mwanakemia Ronald Breslow kutafuta molekuli zenye nguvu kuliko DMSO. Walipata moja iliyofanya kazi kwa wagonjwa, lakini ilihitajika kwa gramu nyingi kwa siku na ilishusha chembe sahani za damu. Wakaendelea kuibadilisha, kipande kwa kipande, hadi wakafika kwenye molekuli waliyoiita SAHA. Ilikuwa mwaka 1998 ndipo ikathibitishwa kuwa shabaha yake ni HDAC. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha SAHA kwa jina la vorinostati.

Katikati ya hadithi hizo kuna mwaka 1996. Katika chuo kikuu cha Harvard, Jack Taunton, Christian Hassig na Stuart Schreiber walitumia sumu ya fangasi iitwayo trapoksini kama ndoana ya kuvulia protini inayoshikana nayo. Walichovua kilikuwa HDAC ya kwanza kujulikana, na ilifanana na protini ya hamira iliyokwishajulikana kuwa inanyamazisha jeni. Mwaka huohuo kikundi cha David Allis kilipata kibandikaji cha asetili kutoka kwa kiumbe mdogo wa majini, Tetrahymena, nacho kilifanana na protini ya hamira inayowasha jeni. Hapo wazo la Allfrey la mwaka 1964 lilikuwa limethibitishwa, na kuanzia hapo dawa zilianza kubuniwa kwa makusudi.

Ni zipi zimeidhinishwa kutibu watu?

Kwa upande wa HDAC: vorinostati (2006) na romidepsini (2009), zote kwa limfoma (saratani ya seli za kinga) ya seli T inayoshambulia ngozi, belinostati (2014) kwa limfoma ya seli T isiyo ya ngozi, na panobinostati (2015) kwa mieloma (saratani ya uboho), ambayo idhini yake ya Marekani iliondolewa mwaka 2022 kwa kuwa utafiti wa uthibitisho ulioahidiwa haukukamilishwa. China iliidhinisha ya kwake, chidamidi, mwaka 2014. Romidepsini nayo ilitokana na bakteria wa udongoni, Chromobacterium violaceum, kutoka Japani. Nyingine ni givinostati, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2024 kwa ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli ya watoto wa kiume. Hiyo ni habari kubwa, kwa kuwa Duchenne si saratani.

Kwa upande wa methili, tazemetostati huzuia EZH2. Nchini Marekani iliidhinishwa mwaka 2020 kwa saratani adimu iitwayo sarkoma ya epitheloidi, kisha kwa limfoma ya folikula. Japani iliidhinisha valemetostati mwaka 2022 kwa lukemia inayosababishwa na virusi vya HTLV-1.

Usidanganywe na neno "imeidhinishwa". Katika jaribio lililoipa vorinostati idhini, takriban wagonjwa 30 kati ya 100 ndio walionufaika kwa kipimo kilichowekwa. Tazemetostati kwa sarkoma ilifikia 15 kati ya 100. Kwa limfoma ya folikula ilifika 69 kati ya 100 kwa wagonjwa ambao EZH2 yao ina mabadiliko ya jeni, na 35 kwa wasio nayo. Pengo hilo la mwisho linafundisha: dawa hufanya vizuri pale ambapo saratani yenyewe imeegemea kimeng'enya hicho.

Madhara yake ni yapi?

Uchovu, kichefuchefu, kuhara, kukosa hamu ya kula, na chembe sahani kushuka, hali inayoleta hatari ya kutokwa damu. Baadhi hugusa mapigo ya moyo, kwa hiyo daktari huagiza kipimo cha umeme wa moyo na madini ya damu. Panobinostati ilikuwa na onyo kali kuhusu kuhara na moyo. Tazemetostati ina onyo la kuweza kuleta saratani nyingine ya damu. Hakuna kati ya hizi inayonunuliwa duka la dawa na kumezwa bila usimamizi wa daktari bingwa.

Natumia valproeti kwa ajili ya kifafa. Ina maana nameza kizuiaji cha HDAC?

Ndiyo. Inaweza kuwa imeandikwa sodiamu valproeti, au jina la biashara kama Epilim au Depakine. Kati ya kemikali zote zilizotajwa hapa, hii ndiyo inayopatikana kwa wingi hospitalini Afrika Mashariki. Kiwango kinacholengwa kwenye damu, kwa kawaida mikrogramu 50 hadi 100 kwa kila mililita, kinakaribiana na kiwango kinachozuia HDAC kwenye seli za maabara.

Hata hivyo si lazima kwamba degedege inazuiwa kwa njia hiyo. Valproeti pia huathiri mikondo ya sodiamu kwenye neva na kiasi cha GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na wataalamu wengi huona hizo ndizo njia kuu. Kwa mtu mzima wa kiume au mwanamke aliyepita umri wa kuzaa, habari ya HDAC haibadilishi chochote katika matumizi ya kila siku. Meza kama ulivyoelekezwa, na usiiache ghafla. Kifafa kinachorudi baada ya dawa kukatwa kwa kishindo kinaweza kuua.

Na kama mwenye kutumia valproeti ni msichana au mama anayeweza kushika mimba?

Hapa jibu ni tofauti kabisa. Kati ya watoto 100 waliopata valproeti tumboni, takriban 10 huzaliwa na kasoro kubwa za kimaumbile, wakati kwa mimba nyingine ni 2 au 3. Mgongo wazi ni mojawapo, pamoja na kasoro za moyo na mdomo sungura. Zaidi ya hapo, watoto 30 hadi 40 kati ya 100 huchelewa kutembea au kuongea, au hupata matatizo ya kujifunza. Hatari hupanda kadiri dozi inavyopanda. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko kwamba wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa wasianzishiwe dawa hii, na kwamba wanaoitumia washauriwe na wahamishiwe dawa nyingine inapowezekana.

Uhusiano wa madhara hayo na HDAC unaaminika sana ingawa haujafunga mjadala. Watafiti wa 2001 walionyesha kwamba molekuli zinazofanana na valproeti lakini zisizozuia HDAC hazikuleta kasoro zilezile kwa viinitete vya wanyama. Kiinitete ni mahali ambapo kila seli inaamua iwe nini, na uamuzi huo unaandikwa kwa sehemu kubwa kwenye histoni. Ni vigumu kupata wakati mbaya zaidi wa kuvuruga alama hizo.

La kufanya: ikiwa una mimba sasa hivi au unapanga kuipata, usitupe vidonge. Nenda kliniki mapema iwezekanavyo, hata kabla ya tarehe yako, na umwambie mhudumu waziwazi kuwa unatumia valproeti. Zipo dawa nyingine, kama lamotrijini na levetirasetamu, na kuhama hufanyika hatua kwa hatua. Asidi foliki ni nzuri kwa kila mama, lakini haiondoi hatari ya valproeti. Mama mkwe au jirani akikuambia "achana na hizo dawa, mtoto ataharibika", ana haki ya kuwa na hofu, ila kukata dawa siku hiyohiyo kunaweza kukuangusha wewe pamoja na mimba yako.

Ni kweli kwamba chakula kinaweza kuzuia HDAC?

Kwa mlango mmoja, ndiyo. Nyuzinyuzi za vyakula kama dona, mtama, maharage na mboga zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutoa butireti. Hii ni molekuli ya kaboni nne tu, na tangu miaka ya 1970 inajulikana kuwa inalimbikiza asetili kwenye histoni. Seli zenye afya za utumbo huichoma butireti kama nishati. Seli za saratani, ambazo hupendelea sukari, haziichomi vizuri, kwa hiyo hujaa ndani yao na kuzuia HDAC, na ukuaji wao hupungua. Molekuli ileile, katika utumbo uleule, inalisha seli moja na kuibana jirani yake.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi miaka ya 1960, aliona kwamba magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu katika hospitali ya Mulago, Kampala, na akaelekeza kidole kwenye nyuzinyuzi. Hakuwa na habari ya HDAC. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambamo Wamarekani weusi na watu wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana milo kwa wiki mbili. Butireti ilipanda kwa waliohamia kwenye mlo wenye nyuzinyuzi nyingi na ikashuka kwa wale wengine, na dalili za mwasho na kuvimba kwa utumbo zikafuata mkondo huohuo.

Lakini butireti hiyo hutumika karibu yote hapohapo utumbo mpana na kwenye ini. Anayekuahidi kwamba dona itabadilisha histoni za ubongo wako anakuuzia maneno.

Vipi kuhusu virutubisho vya manjano, zabibu na brokoli?

Kurkumini ya kwenye manjano huonekana kuzuia karibu kila kimeng'enya inachopimiwa, na hilo linapaswa kukutia shaka badala ya furaha. Ni molekuli inayovuruga vipimo vyenyewe. Mapitio ya kina ya wanakemia, yaliyochapishwa mwaka 2017, hayakukuta jaribio lolote la kitabibu lenye udhibiti kamili lililofaulu. Resveratroli ya kwenye zabibu ilitangazwa mwaka 2003 kuwa inaamsha sirtuini. Kampuni iliyojengwa juu ya wazo hilo ikanunuliwa mwaka 2008 kwa dola milioni 720. Kisha ikaonekana kwamba athari iliyopimwa ilitegemea rangi iliyounganishwa kwenye kipimo. Sulforafani ya brokoli ina ushahidi wa kwenye sahani za maabara. Manjano yatie kwenye mchuzi, hayo ndiyo matumizi yake yaliyothibitika.

Dawa hizi zinasaidia selimundu?

Wazo hili ni zuri na lilikaribia kufaulu. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya kitoto, ambayo haiharibiki na selimundu. Baada ya kuzaliwa, jeni yake hunyamazishwa. Susan Perrine na wenzake walianza na jambo walilolikuta kwa watoto wachanga wa mama wenye kisukari: mabadiliko hayo yalichelewa, na damu yao ilikuwa na kiasi kikubwa cha kemikali ya jamii ya butireti. Mwaka 1993 walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa butireti kwa mshipa, na himoglobini ya kitoto ilipanda. Tatizo likawa kwamba butireti huisha mwilini upesi mno, ikihitaji dripu za saa nyingi, na wengine waliacha kuitikia.

Dawa inayotumika leo, haidroksiyurea, hupandisha himoglobini hiyohiyo, lakini si kizuiaji cha HDAC. Usalama na manufaa yake kwa watoto wa Afrika yalithibitishwa na jaribio la REACH, lililofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019. Hata hivyo histoni hazijatoka kwenye picha. Protini inayoinyamazisha jeni ya kitoto, BCL11A, hufanya hivyo kwa kuita kundi la protini lenye HDAC ndani yake. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 hupunguza BCL11A.

Nimesikia zinaweza kufukuza virusi vya Ukimwi vilivyojificha.

Zinaweza kuviamsha, kuvifukuza bado. VVU hujichomeka kwenye DNA ya seli za kinga na kulala humo, ndiyo maana anayetumia ARV hawezi kuziacha. Mwaka 2012 kikundi cha David Margolis kilionyesha kwamba dozi moja ya vorinostati, miligramu 400, iliamsha virusi katika seli zilizolala za wagonjwa 8 waliokuwa kwenye ARV. Matumaini yalikuwa kwamba seli ikishaamka itauawa na kinga ya mwili. Haikutokea. Jaribio la Uingereza lililounganisha vorinostati na chanjo, lenye watu 60, lilichapishwa mwaka 2020 na halikuonyesha kupungua kwa hifadhi ya virusi kuliko ARV peke yake. Usiache ARV kwa habari za aina hii.

Na malaria?

Plasmodium falciparum, kimelea wa malaria, ana takriban jeni 60 za kutengenezea protini anayoivisha seli nyekundu ya damu. Huvaa moja kwa wakati, nyingine akizinyamazisha kwa alama za histoni, na kinga ya mwili ikiizoea hiyo moja, yeye hubadili. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba apisidini, kemikali ya fangasi wa Fusarium, huua vimelea hivyo kwa kuzuia HDAC yao. Kikwazo ni kwamba inazuia ya binadamu pia. Dawa ya malaria hupewa mtoto mwenye homa na mama mjamzito, kwa hiyo baada ya yote tuliyosema kuhusu valproeti, utaelewa kwa nini haijafika dukani.

Kwa wenye mashamba ya mahindi kuna nyongeza ndogo. Fangasi mmoja anayeshambulia mahindi, Cochliobolus carbonum, hutoa sumu inayozuia HDAC za mmea ili uchelewe kujikinga. Mahindi yenye jeni ya Hm1 huivunja sumu hiyo. Hm1 ilitengwa mwaka 1992, ikiwa jeni ya kwanza ya mmea ya kukinza ugonjwa kupatikana kwa njia hiyo.

Azasitidini na desitabini ni za kundi hili?

Hapana. Dawa hizo za saratani ya damu huzuia methili inayobandikwa kwenye DNA yenyewe, si kwenye histoni. Hutajwa pamoja kwa kuwa zote hugusa udhibiti wa jeni bila kubadili herufi za DNA.

Athari hubaki baada ya kuacha dawa?

Asetili hurudi kwenye kiwango chake ndani ya saa au siku chache. Kinachoweza kubaki ni matokeo yake: seli iliyokufa haifufuki, na kiungo cha mtoto kilichojengeka vibaya hakijirekebishi.

Mimi ni mwanafunzi, nataka kuzitumia maabara. Nianzie wapi?

Anza na swali lako, kisha muda. Asetili utaiona ikipanda ndani ya saa mbili hadi sita. Kizuiaji cha EZH2 kinahitaji siku kadhaa, kwa sababu methili zilizopo hupungua hasa seli zinapogawanyika. Wengi hupima baada ya siku moja, hawaoni kitu, wakalaumu kemikali.

Trikostatini A na vorinostati huyeyushwa kwenye DMSO, na trikostatini hutumika kwa kiwango cha nanomola. Butireti huyeyuka kwenye maji na huhitaji milimola kadhaa. Butireti ndiyo rahisi kwa bei, na ina kazi ya pili: itie kwenye miyeyusho yako unapotoa histoni, la sivyo HDAC zitaendelea kubandua asetili huku wewe ukihangaika na mashine.

Kikundi cha kulinganishia lazima kiwekewe DMSO ya kiasi kilekile. Kumbuka Charlotte Friend: DMSO peke yake ilibadilisha seli zake. Kisha tumia vizuiaji viwili vyenye maumbo tofauti, na ukiweza, punguza kimeng'enya chenyewe kwa njia ya jeni uone kama jibu linafanana. JQ1, inayozuia protini zinazosoma asetili, inakuja na pacha wake anayefanana nayo kama taswira ya kwenye kioo, lakini asiyefanya kazi. Tumia wote wawili. Iliyotengenezwa na maabara ya James Bradner mwaka 2010, iligawiwa bure kwa watafiti walioiomba, na ndiyo sababu imo katika makala nyingi.

Na ukikuta makala ya zamani iliyotumia DZNep kama kizuiaji cha EZH2, isome kwa tahadhari. Kemikali hiyo huzuia kimeng'enya kingine, kinachosafisha mabaki ya ubandikaji wa methili, kwa hiyo hugusa methili za kila aina. Kwa EZH2 agiza tazemetostati au GSK126.